SWOT ya SACCOS yenu isiishie kwenye flipchati: namna ya kuifanya mpaka itoe maamuzi ya mpango mkakati

Kila baada ya miaka mitatu au mitano bodi inakaa kuandaa mpango mkakati, na karibu kila mara siku ya kwanza baada ya chai ya saa nne mwezeshaji anagawa flipchati visanduku vinne, nguvu, udhaifu, fursa, vitisho, watu wanataja wanachotaja, yanaandikwa yote, yanapigwa picha kwa simu, alafu kesho yake mnaanza kuandika malengo ambayo hayana undugu wowote na yale makaratasi ya jana. Mi nimekaa kwenye bodi ya SACCOS ya watumishi na zoezi hilo nimelishiriki zaidi ya mara moja. Mpango wetu mmoja ulikuwa na kurasa mbili nzima za SWOT, lakini ukiuliza ni mstari upi kwenye bajeti umetokana na hizo kurasa hupati hata mmoja. Iliniuma sana, maana ule ukumbi na zile posho ni hela ya wanachama.

Na tatizo hili sio la huku kwetu tu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Terry Hill na Roy Westbrook, walitoa matokeo yao baada ya kuangalia kampuni 20 zilizofanya SWOT, wakakuta orodha ndefu, maneno ya jumla jumla, hakuna kilichopewa kipaumbele, hakuna aliyehakiki kama yaliyoandikwa ni kweli, na hakuna kampuni iliyoyatumia kwenye hatua zilizofuata. Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni zile sehemu ambazo watu wanaziruka. Natumia mfano wa SACCOS ya watumishi kwa sababu ndo naijua, ila kama nyie ni AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kikundi au asasi ya kiraia mnabadilisha tu mambo na njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: andikeni swali kabla ya kuita kikao

SWOT ya "SACCOS yetu" kwa ujumla haitoi kitu, lazima iwe SWOT ya kujibu swali fulani. Bodi ikae hata saa moja tu ikubaliane swali, kwa mfano: miaka mitatu ijayo tuendelee kukopa benki ili tuwakopeshe wanachama, au tukuze akiba zetu wenyewe? Swali likishakuwepo utaona hata maana ya mambo inabadilika. Chukua hili, wanachama wote wanatoka kwa mwajiri mmoja. Ukiuliza habari ya kukusanya marejesho hiyo ni nguvu kubwa, makato yanatoka kwenye mshahara kabla mtu hajaishika hela. Ukiuliza habari ya kukuza akiba hiyo hiyo inageuka udhaifu, maana wote wanapata mshahara tarehe moja, wote wanaishiwa wiki moja, na ada za shule zikifika Januari wote wanataka mkopo siku moja. Bila swali mtabishana hiyo iwekwe sanduku gani mpaka chakula cha mchana na wote mtakuwa sahihi.

Hatua ya pili: makaratasi kwanza, maoni baadaye

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo tunapopaonea uvivu. Wiki mbili au tatu kabla ya kikao, meneja na mhasibu waandae hivi vitu: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ripoti ya ukaguzi yenyewe na hoja zake (iwe COASCO, lile shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine, hoja ambazo hazijajibiwa ndo dhahabu), barua zote kutoka kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa, orodha ya mikopo ikionyesha kila mkopo umechelewa siku ngapi, na orodha ya waliojitoa uanachama.

Hiyo orodha ya waliojitoa msiiache. Mpe mtu mmoja kazi ya kuwapigia simu kumi au kumi na tano, aulize kwa upole tu, ndugu yetu tulikukosea wapi. Wanaobaki kwenye chama wana sababu ya kunyamaza, mmoja ana mkopo unasubiri kupitishwa, mwingine mwenyekiti ni bosi wake kazini, aliyeondoka hana cha kupoteza.

Nitumie namba za kutunga ili mfano ushikike. Tuseme SACCOS ina wanachama 420, mikopo iliyoko mikononi mwa wanachama ni shilingi milioni 600, na mikopo chechefu, yaani iliyochelewa kurejeshwa, ni milioni 54, yaani asilimia 9. Viwango vya PEARLS vya Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo vinataka isizidi asilimia 5. Ukifungua orodha unakuta milioni 38 kati ya hizo 54 zinadaiwa kwa watu 11 tu, na karibu wote ni waliohamishwa kwenda halmashauri nyingine au waliostaafu, makato yakakatika na hakuna aliyefuatilia. Waliojitoa mwaka jana ni 31, na wengi waliopigiwa simu wanasema kitu kimoja, mkopo unachukua mwezi mzima kwa sababu kamati ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi. Ona sasa. Bila hayo makaratasi flipchati ingesema "wanachama hawana mwamko wa kurejesha mikopo" na "elimu ya ushirika ni ndogo", mngepanga semina ya mamilioni, na tatizo lingebaki pale pale kwenye watu 11 na ratiba ya kamati moja.

Hatua ya tatu: nani akae, na akae vipi

Bodi peke yake haitoshi. Waite meneja, mhasibu, kamati ya usimamizi, wawakilishi wa wanachama wa kawaida wawili watatu kutoka vituo vya mbali, na kama mnaweza mwanachama kijana aliyejiunga karibuni, maana huyo bado anashangaa mambo ambayo nyie mmeshayazoea.

Sehemu ya udhaifu ndo ngumu. Sisi hatujazoea kumwambia mwenyekiti mbele za watu kwamba kuna kitu hakiendi, na wala sio unafiki, ni heshima, mtu mzima hasemwi hadharani. Kwa hiyo msilazimishe watu waongee. Gawa vikaratasi vidogo, kila mtu aandike mambo matatu bila jina, vikusanywe kwenye boksi, mtu wa nje avisome. Kama hamna hela ya mwezeshaji mwombeni ofisa ushirika wa wilaya au mtu wa SACCOS jirani awasaidie. Viongozi nao wasikae kundi moja na wafanyakazi wakati wa majadiliano ya makundi, nimeona kundi zima likimsubiri mwenyekiti amalize kuongea ndo liandike.

Hatua ya nne: ndani na nje, na lile neno changamoto

Nguvu na udhaifu ni vya ndani, fursa na vitisho ni vya nje. Kila mtu anajua hivyo, alafu wakianza kuandika wanachanganya. Na mi nadhani chanzo kikubwa ni lugha. Kwenye semina nyingi sanduku la nne linaandikwa "changamoto" badala ya vitisho, na changamoto kwa Kiswahili cha ofisini ni tatizo lolote lile, la ndani la nje yote ni changamoto. Basi linajaa: upungufu wa fedha, mfumo wa kompyuta mbovu, wafanyakazi wachache, viongozi kutojua sheria. Hayo yote ni udhaifu, ya kwenu, mko nayo mezani. Yakiitwa changamoto yanaonekana kama mvua vile, yametoka juu, hakuna wa kuyajibia. Mi nashauri kabisa hilo neno lisiingie ukumbini siku hiyo, andikeni vitisho au vihatarishi.

Kipimo ninachotumia ni hiki: kama SACCOS yetu ikifungwa leo, hili jambo bado litakuwepo? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ambayo imeweka SACCOS daraja la tatu na kutaka leseni, itakuwepo, hiyo ni nje. Mikopo ya simu, ipo tangu M-Pawa ilipoanza 2014 na imeongezeka kweli kweli, hiyo ni nje. Makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nje, na kwa SACCOS yenye vijana wengi hicho ni kitisho cha kweli maana ukijumlisha na ile kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara unakuta kijana hana tena nafasi ya kukatwa. Kamati kukaa mara moja kwa mwezi? SACCOS ikifungwa na kamati imeisha. Hiyo ni ndani, na inatibika kwa kikao kimoja.

Kosa lingine ni kuandika mipango kwenye sanduku la fursa. "Kufungua duka la vifaa vya ujenzi" sio fursa, ni wazo lenu. Fursa ni kitu kilichotokea huko nje chenye faida kama mtakifuata. Mfano Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025, au Benki Kuu kushusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai mwaka huo huo. Hata hapo msikimbilie kushangilia, ulizeni benki mnayokopa nyie imewashushia? Kama haijashusha basi kwenu bado haijawa fursa, ni habari tu. Waliowahi kukaa kwenye mipango ya kijiji ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo wananielewa, kule nako tulikuwa tunaandika "tuna ardhi yenye rutuba" miaka yote na rutuba yenyewe hakuna aliyeipeleka kupima.

Na msidharau siasa na sheria kwenye vitisho. Wazee wa ushirika wanakumbuka 1976 serikali ilivyovunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudi kwa sheria ya 1982. Sisemi itatokea tena, nasema mabadiliko ya sheria yanaweza kukukuta umelala.

Hatua ya tano: kila mstari uwe na ushahidi, alafu punguzeni

Mkishajaza masanduku mtakuwa na vitu 40 au 50. Sasa pitieni mmoja mmoja mkiuliza: tunajuaje? Na nguvu ulizeni na la pili: nguvu kuliko nani? "Tuna uzoefu tangu 1998" sio nguvu mpaka mseme huo uzoefu unampa mwanachama nini ambacho hapati kwingine. "Riba yetu ni asilimia 18 kwa mwaka wakati mikopo ya kausha damu inatoza kiasi kama hicho au zaidi kwa mwezi" hiyo ni nguvu, ina namba na ina wa kulinganishwa naye. Kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukitetea kwa karatasi, kwa namba au kwa tukio kinatolewa, hata kama kimeandikwa na mwenyekiti.

Baki na vinne au vitano kila sanduku. Pigeni kura kama hamuelewani, kila mtu kura tatu, mnaweka alama kwa maka peni, ndani ya dakika kumi mmemaliza.

Hatua ya sita: kuoanisha, na hapa msiharakishe

Mwaka 1982 profesa Heinz Weihrich wa Chuo Kikuu cha San Francisco alipendekeza masanduku yakutanishwe mawili mawili, la ndani na la nje, na kila makutano yazae hatua ya kuchukua. Kwangu mimi hiki ndo kipande kinachogeuza SWOT kuwa mkakati na ndo hicho kinachorukwa kila siku kwa sababu kinakuja mchana watu wamechoka. Ushauri wangu kifanyeni siku ya pili asubuhi, mtu akiwa na akili mpya.

Chora jedwali. Juu weka fursa na vitisho, pembeni weka nguvu na udhaifu, alafu ingieni kila chumba na swali lake.

Nguvu na fursa: tuna kitu gani kizuri kinachotuwezesha kuchukua kile kilichofunguka? Mfano makato ya mshahara yanaingia vizuri kila mwezi na kuna benki mpya inayotafuta vyama vya kufanya navyo kazi, basi nendeni na rekodi ya makato ya miaka mitatu mkaombe masharti nafuu kuliko mnayolipa saivi.

Nguvu na vitisho: watu wanaumizwa na kausha damu na mikopo ya mitandaoni, Benki Kuu yenyewe Novemba 2024 ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Nyie mna riba ya kibinadamu na mnamjua mwanachama kwa sura. Tengenezeni mkopo wa kumtoa mtu kwenye yale madeni, anakopa kwenu analipa kule yote anabaki na deni moja.

Udhaifu na vitisho ndo chumba ninachokipenda ingawa watu wanakikwepa kwa sababu kinatisha. Kamati inakaa mara moja kwa mwezi, na huku nje simu inampa mtu hela kwa dakika mbili. Hivyo viwili vikikutana ndo waliojitoa 31. Hatua: badilisheni sera ya mikopo, mkopo wa dharura usiozidi akiba ya mwanachama upitishwe na meneja ndani ya siku moja, kamati iletewe taarifa tu. Gharama yake ni kikao na karatasi. Hakuna gari la kununua hapo wala jengo.

Udhaifu na fursa ndo pale kwenye lile swali letu la kukopa benki. Fanya hesabu ya haraka haraka. Mmekopa benki milioni 120 kwa asilimia 16, mnakopesha wanachama kwa asilimia 18. Kwa mwaka mnalipa benki milioni 19.2, mnapata milioni 21.6, faida milioni 2.4. Lakini chechefu yenu ni asilimia 9, na asilimia 9 ya milioni 120 ni milioni 10.8. Hata nusu tu ya hiyo isiporudi, ile faida imeshaliwa mara mbili na akiba za wanachama ndo zinaziba pengo. Kwa hiyo hata fursa ya riba ya chini ikija, jibu la SWOT hii ni kwamba msiongeze mkopo wa benki mpaka wale watu 11 wafuatiliwe na chechefu ishuke chini ya asilimia 5. Sasa hilo ni jibu, na mtu yeyote kwenye mkutano mkuu akisimama kuuliza kwa nini bodi haikuomba kuongezewa ukomo wa madeni mnamwonyesha hesabu, haondoki na manung'uniko.

Hatua ya saba: kuingiza kwenye mpango mkakati wenyewe

Jedwali likikamilika mtakuwa na hatua kumi, kumi na mbili. Hamziwezi zote. Chagueni nne, tano zikizidi sana, kwa kuangalia mambo mawili tu, inajibu swali letu kwa kiasi gani na tunaiweza kwa hela na watu tulionao. Zinazobaki ziandikwe pembeni zisipotee.

Kila moja iliyochaguliwa iwe na lengo lenye namba na tarehe, mtu mmoja wa kuijibia (sio "bodi na menejimenti", jina la cheo kimoja), hela yake kwenye makisio ya mapato na matumizi, na alama ya SWOT ilikotoka. Hiyo alama ya mwisho ni kitu kidogo ila kina faida kubwa. Nguvu zenu mnazipa namba N1, N2, udhaifu U1, U2, fursa F1, vitisho V1, na kwenye mpango mnaandika: kushusha mikopo chechefu kutoka asilimia 9 hadi 5 ifikapo Desemba mwakani, mhusika meneja, bajeti ya ufuatiliaji milioni 3, imetokana na U2 na F1. Lengo lolote ambalo haliwezi kuandikiwa alama lirudishwe mezani, liulizwe limetoka wapi. Nimeona malengo ya kujenga jengo la ofisi yakiingia kwenye mipango mitatu mfululizo bila kutokana na sanduku lolote.

Alafu lipelekeni mkutano mkuu pamoja na makisio, kwa lugha ya kawaida. Msiwagawie wanachama kurasa 60. Ukurasa mmoja wa jedwali na ukurasa mmoja wa malengo unatosha, na muwape muda wa kuuliza kabla ya kupiga kura, sio saa kumi na moja jioni watu wanawaza gari la kurudi.

Hatua ya nane: kulirudia

SWOT inachacha. Waliokuwa wanaendesha asasi kwa fedha za Marekani waliona Januari 2025 misaada ikisimamishwa ndani ya siku chache, mpaka Julai mosi USAID haipo tena, na asasi nyingi hata sanduku la vitisho lilikuwa halijataja utegemezi wa mfadhili mmoja. Kwenu mfadhili anaweza kuwa mwajiri. Halmashauri ikigawanywa mbili, nusu ya wanachama wanahamia orodha nyingine ya mishahara mwezi unaofuata.

Kwa hiyo kila robo mwaka kwenye kikao cha bodi wekeni ajenda moja ya nusu saa, meneja anakuja na lile jedwali na namba nne: chechefu imefika asilimia ngapi, waliojitoa wangapi, mkopo wa dharura unachukua siku ngapi, deni la benki limebaki kiasi gani. Mnaangalia na masanduku ya nje, kuna sheria, waraka au mshindani mpya? Kilichobadilika kinaandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine na tarehe pembeni, na kama kimegusa alama ya lengo mojawapo, lengo hilo linajadiliwa siku hiyo hiyo na muhtasari unaandikwa nani anafanya nini kabla ya robo ijayo.